Winnie the Pooh and the Blustery Day: katuni tamu, ila aliyeitafsiri simtaki

Nina hasira, nisome hivyo hivyo. Juzi juzi nilimpitia kijana wa kibanda cha muvi nikamwomba aniwekee kwenye flashi ile katuni ya zamani ya Disney, ya 1968, ambayo Pooh, yule dubu, na wenzake wanapigwa na upepo, ikaja mvua, yakaja mafuriko. Akaweka, akala hela yake. Hakuniambia kama ni ya kutafsiriwa, zile ambazo mtu anasimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya muvi.

Katuni yenyewe sina ugomvi nayo. Kuna pale Piglet, yule kiguruwe mwoga, anabebwa na upepo, nguo yake inafumuka uzi mrefu, Pooh ameushika chini kama mtu anayerusha tiara. Na Roo, katoto ka kangaruu, kanauliza kama na kenyewe kanaweza kumrusha Piglet! Mvua ikianza, maneno ya kwenye kurasa za kitabu cha hadithi yenyewe yanasombwa na maji. Hiyo Oscar ya 1969 iliyotolewa Walt Disney akiwa keshafariki, ni halali yao kabisa.

Sasa njoo kwenye nyumba. Mti wa Owl, yule bundi, umeangushwa na upepo. Eeyore, punda, anasema amempatia nyumba nyingine, anawaongoza wote hadi mlangoni kwa Piglet. Kila mtu anaona ni kwa Piglet. Rabbit, sungura, anamwambia Piglet sema basi ni yako. Piglet anatetemeka, sauti inamkwama, anasema nyumba ni ya Owl. Hapo ndipo unatakiwa kukaa kimya. Mtafsiri wangu akapaza sauti: "Oyaa! Nguruwe kashapigwa nyumba huyo!" Akacheka peke yake, kisha akaanza kusalimia wateja wake mtaa kwa mtaa, hadi maneno ya Pooh na wenzake yakapita sijasikia kitu.

Nikarudi kibandani. Kijana hakuinua hata macho kwenye simu. "Mama, si katuni ya watoto hiyo? Mtoto anajua nini?" Mtoto! Nani kakwambia nimemtafutia mtoto?

Nikaitafuta ya Kiingereza kwa njia nyingine, nikaiangalia kwa utulivu. Na hapo ndipo nilipochanganyikiwa zaidi. Hivi Owl haulizi? Bundi mzima, msomi wa msitu, anaingia nyumba yenye mwenyewe, wala hashangai imepatikanaje? Na Eeyore je, hajui jirani yake anakaa wapi? Piglet anaambiwa atakaa kwa Pooh, wanamfanyia sherehe ya ushujaa, wanamrusha juu, basi yameisha. Utotoni niliona ni wema. Leo nimepanga chumba, nimeshahamishwa kwa maneno matamu, nikaona ni wizi wa mchana. Katika kelele zote zile, aliyesema ukweli ni yule yule mropokaji: kashapigwa nyumba.

Kwa hiyo sijui niipe ngapi. Nilikuwa naandika nyota tano, nikashuka tatu kwa ajili ya Owl, nikakumbuka ile tiara nikapanda nne. Aliyetafsiri nilitaka kumpa sifuri. Mpeni moja, kwa ile sentensi tu, salamu zake abaki nazo. Kijana wa kibanda hapati kitu mpaka anirudishie hela yangu, na ajifunze kumwangalia mteja anapoongea naye.