TAHADHARI: "Chaja ya kilowati 7, chomeka popote" imeniyeyushia soketi

Ndugu zangu wenye magari ya umeme, na hasa nyie mnaojiandaa kununua la kwanza: kuna muuzaji anazunguka mitandaoni na kebo ya kuchajia nyumbani, boksi jeusi lenye kioo kinachowaka buluu. Anaiita "chaja ya kilowati 7, chomeka popote". Msinunue. Mimi nilinunua. Soketi yangu imeyeyuka, rangi ya ukuta imebabuka hadi karibu na dirisha, na kilichotuokoa ni pua ya mke wangu. Ndani ya lile boksi hakukuwa na chochote cha kutuokoa.

Jina analotumia siliweki hapa kwa sababu keshalibadilisha tangu tuachane. Mbinu zake hazibadiliki, ndiyo maana naandika kwa urefu.

Kebo iliyokuja na gari langu huvuta ampea 10. Kwa umeme wa volti 230 hiyo ni kilowati 2.3, na betri ikiwa karibu tupu usiku mmoja hautoshi kuijaza. Nikachoka kusubiri. Tangazo la huyu bwana likaahidi ampea 32 kutoka soketi ile ile ninayochomekea pasi. Hapo ndipo nilipaswa kushtuka, lakini tamaa ikanifumba macho. Akaniuliza chaja ya ndani ya gari langu inapokea kilowati ngapi, nikamjibu 6.6, akasema nitazifaidi zote. Akaomba malipo yasipitie kwenye mtandao wa mauzo ili anipunguzie. Nikakubali. Punguzo lenyewe lilikuwa dogo kiasi kwamba naona aibu kulitaja.

Usiku wa kwanza breka ikakata baada ya dakika kama 20. Nikairudisha, ikakata tena. Nikamwandikia. Jibu lake ninalo hadi leo: "Breka yako ndogo hiyo bosi, weka ya 40 itatulia."

Nami nikaweka ya 40. Kwa mkono wangu na bisibisi yangu, bila kumwita fundi. Nayasema haya hadharani kwa sababu najua kuna wenzangu wamepewa ushauri huo huo na wanaona haya kusema. Breka haikuwekwa pale kwa ajili ya chaja wala pasi. Imewekwa kulinda waya uliofukiwa ukutani, na waya wangu ni wa milimita 2.5 za mraba. Breka ya ampea 20 iliyokuwepo ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa. Nikaing'oa kwa kuwa muuzaji kaniambia.

Usiku wa pili, saa tisa, mke wangu akanitikisa: "Wewe, amka, kuna kitu kinaungua." Nilipofungua mlango wa gereji harufu ya plastiki ilinipiga usoni. Plagi na soketi vilikuwa vimeshikana kama kitu kimoja, pembeni pamekuwa peusi, na gari linaendelea kuchaji kwa raha zake. Kioo cha boksi kinaonyesha ampea 29 na joto la nyuzi 31. Nyuzi 31! Nilizima swichi kuu ya nyumba, sikuigusa ile plagi. Mkikutwa na hali kama hiyo fanyeni vivyo hivyo, zimeni kutoka mbali kwanza. Ukichomoa plagi wakati umeme mwingi unapita, cheche inaweza kukurukia mkononi.

Kesho yake tukalifungua boksi na fundi umeme, mzee aliyeifanya kazi hii maisha yake yote. Kwanza akakata kipande cha kebo na kukikwangua kwa kisu. Juu rangi ya shaba, ndani nyeupe: alumini iliyopakwa shaba. Alumini hupitisha umeme kwa kama asilimia 60 tu ya shaba, kwa hiyo waya wa unene huo huo hupata moto zaidi. Na unene wenyewe haukuwepo. Kebo nyingi za ampea 32 huwa na shaba ya milimita 6 za mraba. Yangu ilikuwa nene kwa nje kwa sababu ganda lake la mpira ni nene, ila nyuzi za ndani ni kama za taa ya mezani.

Kisha akatafuta kipimajoto. Hakipo. Ile nyuzi 31 ni namba inayobunibuniwa na kioo, hupanda na kushuka kidogo ili uamini. Kuna kitufe cha kujaribia kinga ya uvujaji wa umeme. Ukikibonyeza taa inawaka nyekundu na unasikia "tik". Hakijaunganishwa na kinga yoyote, kinawasha taa tu. Na waya wa ardhi unaotoka kwenye plagi ulikuwa umeingia ndani ya boksi, ukakatwa, ukafungwa utepe. Fundi alikaa kimya muda kidogo, kisha akaniuliza nina watoto wangapi.

Naomba nieleze jinsi uongo huu unavyofanya kazi, maana ukishauelewa hakuna tangazo litakalokudanganya tena. Hilo boksi tunaloliita chaja si chaja. Chaja halisi, inayogeuza umeme wa nyumbani kuwa mkondo mnyoofu (DC) wa kuingia kwenye betri, imo ndani ya gari. Boksi ni swichi yenye ulinzi, pamoja na kitu kimoja zaidi: huliambia gari ruhusa yake ni ampea ngapi. Huliambia kwa ishara ya umeme inayopiga mara 1,000 kwa sekunde kwenye waya mwembamba wa pembeni. Ishara ikiwa juu kwa asilimia 16.7 ya kila pigo, gari linaelewa ampea 10. Ikiwa asilimia 53.3, linaelewa 32. Basi. Gari halina macho ya kuona waya ulio ukutani kwako, wala halijui soketi yako ina umri gani. Linaamini linachoambiwa.

Kwa hiyo kutengeneza "chaja ya kilowati 7" ya kitapeli ni kazi ya kubadilisha namba moja. Unachukua kifaa dhaifu, unakipanga kitangaze 32, gari linavuta linachoweza. Langu likavuta 29 kupitia plagi ya ampea 16. Na joto halipandi kwa hesabu ya kujumlisha, linakwenda kwa mraba wa mkondo: kutoka 16 hadi 29 joto kwenye viunganishi ni zaidi ya mara tatu. Halafu birika huvuta umeme kwa dakika chache likazima. Gari huvuta usiku kucha bila kupumzika.

Hata kichwa cha kebo kilikuwa kinadanganya. Ndani ya plagi za Type 2, aina mojawapo ya vichwa vya kuchajia magari ya umeme, huwa na rezista ndogo inayotaja uwezo wa kebo: omu 680 maana yake ampea 20, omu 220 ni ampea 32. Fundi akapima ya kwangu, ikasoma 220 kamili. Rezista sahihi kabisa kwenye waya usiofaa. Anayetengeneza vitu hivi anaijua kazi, si mjinga. Ndiyo maana nina hasira.

Nilipomrudia na picha, majibu yalikuja kwa mtiririko ambao sasa naamini ameukariri. Kwanza, soketi yangu ni mbovu. Nikamwambia imewekwa mwaka jana. Pili, nimetumia ekstensheni. Sikutumia. Tatu, nimebadilisha breka bila fundi, kwa hiyo dhamana imekufa. Yaani ushauri alionipa yeye mwenyewe akaugeuza kuwa kosa langu. Nikamtumia maneno yake mwenyewe kuhusu breka ya 40, akanifungia. Mtandao wa mauzo nao ukasema malipo hayakupitia kwao, hawana la kufanya. Hapo siwezi kuwalaumu.

Kuna bidhaa yake nyingine ambayo mimi sikuinunua ila alinishawishi sana, na kwangu ni hatari kuliko hata ile kebo. Ni kiplagi kidogo anachokiita "kiondoa tatizo la ardhi". Baadhi ya kebo nzuri zikikuta soketi haina waya wa ardhi hukataa kuchaji na kuwasha taa nyekundu. Watu wanaona usumbufu. Kiplagi hiki kinaunganisha tundu la ardhi na waya wa nyutro, kebo inadanganyika, kuchaji kunaanza. Mteja anafurahi. Sasa fikiria waya wa nyutro ukatike au ulegee mahali fulani, au soketi iwe imefungwa kinyume: bodi la gari zima linakuwa na umeme wa volti 230. Mtoto akigusa kitasa akiwa pekupeku kwenye sakafu yenye maji, hakuna kitakachowahi kukata. Kama mnacho hicho kitu nyumbani, kitoeni leo. Msikiuze, msimpe jirani. Kivunjeni.

Dalili za tangazo lake, na la wenzake, kwa sababu siamini yuko peke yake. Anadai inafaa magari yote, wakati vichwa vya Type 1, Type 2 na GB/T ya Uchina haviingiliani. Picha hazionyeshi kibandiko cha nyuma. Kebo ya kubebeka iliyotengenezwa kihalali huwa na kibandiko chenye volti, ampea, jina la mtengenezaji na kwa kawaida namba ya kiwango, IEC 62752. Yangu iliandikwa CE peke yake, alama ya viwango vya Ulaya, na herufi hizo mtu yeyote mwenye printa anaweza kuzipiga. Kwenye ganda la kebo nzuri utakuta unene wa waya umechapwa. Ombeni picha ya maandishi hayo kabla ya kulipa. Akianza kuzungukazunguka, mmekwisha pata jibu. Pimeni na uzito kama kifaa kimeshafika: shaba ni nzito zaidi ya mara tatu kuliko alumini ya ujazo ule ule, na kebo ya kweli ya ampea 32 huwezi kuibeba kwa vidole viwili.

Lakini dalili kubwa kuliko zote ni ile ahadi yenyewe. Ampea 32 hazitoki kwenye soketi ya pasi. Hata muuzaji awe mwaminifu vipi, soketi haitakubali. Ukitaka kilowati 7 unahitaji laini yake peke yake kutoka kwenye boksi kuu la umeme, waya wa unene wa kutosha, breka yake, na kinga ya uvujaji wa umeme ya miliampea 30. Kinga hiyo lazima fundi aichague kwa ajili ya gari, maana gari likivujisha mkondo mnyoofu unaozidi miliampea 6, kinga za kawaida zinaweza kupofuka zisikate kabisa. Boksi zuri la ukutani huwa na kitambuzi cha mkondo huo ndani yake. Muulizeni fundi swali hilo moja. Akikutolea macho, tafuta mwingine.

Na kabla hujaingia gharama, angalia uwezo wa gari lako. Nissan Leaf za mwanzo, zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa 2010, zina chaja ya ndani ya kilowati 3.3. Uzifunge kwenye boksi la 7 au la 22, zitavuta 3.3 tu. Kuna mtu mwenye gari kama hilo ambaye huyu huyu muuzaji alimwahidi kuchaji "mara mbili ya kasi". Alichouziwa ni kioo cha buluu.

Mimi nimerudi kwenye kebo yangu ya ampea 10, na breka ya 20 imerudi mahali pake baada ya fundi kubadilisha waya ulioungua. Nimekaa nikapiga hesabu ambayo ningeipiga mapema: saa 10 za usiku kwa kilowati 2.3 ni kilowati-saa 23, ukitoa zinazopotea zinabaki kama 20, na magari mengi ya umeme hutumia 15 hadi 20 kwa kilomita 100. Siendeshi kilomita 100 kwa siku. Haraka ile yote ilikuwa ya nini, sijui.

Kama tayari una kebo ya huyu mtu, usisubiri ianze kunuka. Simamisha kuchaji kutoka kwenye gari, zima swichi ya soketi, ndipo uchomoe. Iweke, usiitupe, pamoja na mazungumzo na risiti zote, maana tukiwa wengi malalamiko yana uzito. Na kama breka uliiongeza kama mimi, mwite fundi akague waya wa ukutani hata kama nje hakuna alama. Wa kwangu ganda lilikuwa limekauka na kupasuka karibu mita nzima kutoka kwenye soketi, mahali ambapo nisingeona kamwe.

Leo asubuhi nimeliona tangazo jipya. Jina jingine, picha ya mwanamke kwenye akaunti, boksi sasa ni jeupe na linaitwa "toleo lililoboreshwa, kilowati 11". Limepigwa picha juu ya sakafu ile ile ya vigae vya kijivu, na kigae cha pembeni kushoto kina ufa ule ule.