TAHADHARI: ATV "safi" za kuwindia zinazouzwa Houston zimetoka kwenye mafuriko

Ndugu zangu wa Texas, hasa mnaotafuta ATV, pikipiki ya porini ya magurudumu manne, kabla msimu wa kulungu haujafunguliwa Novemba: upande wa kaskazini wa Houston kuna muuzaji anayeuza mashine zilizozama majini na kuziita mashine zilizotunzwa. Jina lake silitaji hapa kwa sababu shauri liko kwa sherifu. Mchezo wake ndio nautaja wote, kuanzia anavyokupokea getini mpaka anavyokusaidia kufunga mashine kwenye trela huku akikuita ndugu. Ni mwizi, na sitatafuta neno laini zaidi ya hilo.

Mashine ninayoisimulia ni ya kijani, iliyonunuliwa kwake, na ilikwama korongoni. Waliokuwapo jioni ile waliona magurudumu ya nyuma yakichimba huku ya mbele yametulia tuli, na nguruwe mzima juu ya rafu.

Tangazo lake lilisema: ya mwaka 2019, cc 700, EFI (haina kabureta), usukani wa umeme, imefanya kazi saa 212, mmiliki mmoja, matope haiyajui, dola 6,400. Ukifika unaikuta imesimama kwenye zege, kivulini, pua imeelekezwa getini kama iko tayari kuondoka. Plastiki zinang'aa, matairi yamepakwa dawa nyeusi, winchi ya pauni 3,500 imefungwa mbele. Mwenyewe anatoka na kitambaa mkononi, anafuta tangi, anaomba radhi: "Nimetoka kuiosha sasa hivi, nikaizungusha kidogo ikauke." Anaweka ufunguo, anabonyeza stata, injini inaitika mara moja. Hakuna moshi, hakuna kugonga. Anaongeza moto kidogo, anaachia, inashuka vizuri na kutulia kwenye sailensa. Kisha anabonyeza swichi ya 4WD, ya kuvutisha magurudumu yote manne, taa inawaka kwenye dashibodi, na anaigusa taa ile kwa kidole: "Unaona? Inaingia." Unapewa uizungushe humo humo uani, mizunguko miwili mitatu juu ya zege, mbele na rivasi. Inapita kama maji. Unasikia raha, na hela inatoka.

Kila kitu katika onyesho lile kilipangwa. "Kuiosha na kuizungusha ikauke" maana yake ni kupasha injini moto kabla hujafika. Injini ya silinda moja iliyoingia maji husema ukweli wake ikiwa baridi: inasumbua kuwaka, inatoa moshi, inagonga mpaka oili ipande. Ikishapata moto, nyingi ya dalili hizo zinajificha. Zege nalo lilichaguliwa. Juu ya zege kavu magurudumu ya nyuma hayatelezi, kwa hiyo hata kama difu ya mbele, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu, imekufa kabisa mashine itakwenda na kurudi bila kukuonyesha lolote. Na ile taa inasema tu kwamba mota ndogo ya kuingiza 4WD imefika mahali pake. Haijui kama meno ya difu yapo. Meno ya gia kubwa ndani ya difu ile yalikuwa yamekatika upande mmoja, vipande vimelala chini kwenye oili, na taa bado inawaka kijani kibichi.

Kuna watu wameandika humu kwamba walionunua pale hawakuwa makini. Hapana. Alipokataza kutoka nje ya geti alisema polisi watasimamisha, na ni kweli kwamba Texas ATV hairuhusiwi kutembea ovyo kwenye barabara za umma. Alitoa hati ya umiliki, karatasi halisi ya jimbo, na si risiti ya kuandikiana tu. Namba ya chasisi ilifanana tarakimu zote 17, na herufi ya kumi ilikuwa K, yaani kweli ni ya 2019. Ilipoingizwa kwenye VINCheck, ile huduma ya bure ya NICB, shirika la kampuni za bima linalopambana na wizi wa magari, haikutoka ripoti ya wizi wala ya mashine iliyofutwa na bima. Mtu aliyefanya yote hayo amefanya kazi yake. Ila jueni hili: huduma ile inasoma taarifa zilizoletwa na kampuni za bima. ATV nyingi za shamba hazikatiwi bima kabisa, kwa hiyo ikizama na mwenyewe akaiuza kwa bei ya chuma, hakuna mahali popote panapoandikwa. Ripoti kukaa kimya si ushahidi wa usalama.

Fundi alipoifungua ndipo aibu yote ilipoonekana. Oili ya injini ilikuwa safi kwa sababu ilikuwa imemwagwa na kubadilishwa, pengine zaidi ya mara moja, lakini chini ya kifuniko cha kujazia na ndani ya hozi ya kupumulia kulikuwa na utando mzito wenye rangi ya chai ya maziwa. Ule ni mchanganyiko wa oili na maji, na kubadilisha oili hakuusafishi kwenye pembe hizo. Difu ya nyuma muuzaji hakuigusa kabisa, nayo ikatoa hicho hicho. Beringi ya kichwa kikubwa cha konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na krenki, ilikuwa na vidoa vya kutu. Kwenye injini za namna hii krenki, mhimili mkuu wa injini, imeunganishwa kwa kushindiliwa, kwa hiyo hubadilishi beringi peke yake kama ya gari. Krenki yote hutolewa, na kuitoa lazima upasue mwili wa injini katikati. Ongeza gasketi, pistoni kama imekwaruzika, na saa za fundi, uone kama utanunua mashine au utanunua injini.

Mkanda wa CVT, ule unaopeleka nguvu badala ya gia za kubadilisha, ulikuwa umepata kioo, yaani umeteleza ukiwa na maji mpaka kingo zikang'aa. Ndani ya kasha lake kulikuwa na tope laini lililokauka likafanya mstari ulionyooka kabisa pande zote. Matope ya kurushwa na matairi hayapigi mstari. Mstari hupigwa na maji yaliyosimama. Houston tunaijua hadithi hiyo tangu kimbunga Harvey mwaka 2017, na kimbunga Beryl cha Julai 2024 imetuletea kundi jipya la mashine.

Zile saa 212 nazo ni uongo. Dashibodi ilikuwa imebadilishwa, na kihesabu saa huja na dashibodi. Plastiki pia zilikuwa mpya, na hili lilijulikana kirahisi sana: upande wa ndani wa plastiki nyingi za kiwandani kuna alama ya duara kama uso wa saa, yenye mshale wa mwezi na tarakimu mbili za mwaka iliyomiminwa. Ukikuta mashine ya 2019 imevaa plastiki za 2024, uliza za zamani zilikwenda wapi.

Sasa kwa wanaokwenda kununua wiki hii, kwake au kwa mwingine yeyote. Mpigie ukiwa njiani umwambie asiiwashe. Ukifika, kabla ya salamu kuwa ndefu, weka kiganja karibu na ekzosi na ubavu wa silinda. Ikiwa na joto, kaa usubiri ipoe, na akiwa na haraka wewe rudi nyumbani. Toa kiti, kigeuze: pini zinazoshika ngozi ya kiti zikiwa na kutu zote sawasawa, kilizama. Fungua ea klina. Chini ya boksi lake mashine nyingi zina kibomba kifupi chenye kizibo, kiminye uone kinachotoka. Vuta soketi mbili tatu za waya karibu na betri, utafute ukijani kwenye pini. Tazama ndani ya taa za mbele kama kuna tope mahali ambapo kitambaa cha kuoshea hakifiki. Chomoa kijiti cha oili, usiishie hapo, angalia chini ya kifuniko. Kisha omba kufungua kizibo cha difu ya mbele na ya nyuma, ni kazi ya spana moja na dakika chache. Muuzaji safi hatakataa. Inua gurudumu kwa jeki, lishike juu na chini ulitikise. Likicheza, ni beringi au bolijointi. Buti za shafti, ile mipira inayofunika viungo vyake, zikiwa zimechanika, hesabu kwamba shafti nayo imekula mchanga.

4WD ipimwe kwenye udongo laini, si vinginevyo. Funga kamba ya kuvutia kutoka hichi ya nyuma mpaka kwenye mti, iache ikaze, watu wote wasimame mbali na kamba, weka gia ya chini, 4WD, kanyagia moto pole. Magurudumu ya mbele yakwangue udongo. Kama kuna kifungo cha kufunga difu, kifunge, na sasa yote mawili lazima yachimbe pamoja. Sekunde mbili tatu zinatosha, ukizidisha unaunguza mkanda. Kwenye ATV za kampuni ya Polaris magurudumu ya mbele hushika tu ya nyuma yanapoteleza, ndiyo maana juu ya zege hutaona kitu hata ikiwa nzima. Na msitegemee kipimo cha kompresheni peke yake: nyingi zina kifaa cha kupunguza mgandamizo wakati wa kuwasha, kwa hiyo namba hutoka ndogo hata kwenye injini nzuri. Mwambie fundi apime uvujaji wa silinda kwa hewa.

Kuna jambo linalonikera kuliko hata utapeli wenyewe. Anawauzia watu wetu cc 700 kwa kuwaambia kuwinda kunataka nguvu. Kuwinda hakutaki nguvu hizo. Kwa kuingia kwenye lizi, yaani shamba lililokodiwa la kuwindia, kupeleka mahindi kwenye vilishio na kutoa kulungu porini, Honda Rancher ya 420 au Foreman ya 520 inatosha na kubaki, na hizo hazina mkanda kabisa, zina gia, kwa hiyo ukivuka kijito hakuna cha kulowa kikateleza. Zinatembea pole bila kelele, na ukishuka mteremko injini inashika yenyewe. Foreman ina ekseli ngumu nyuma, itakutikisa kwenye mashimo, lakini rafu ikibeba mzigo haiinami. Mkanda una faida yake kwa anayependa kukimbia na asiyetaka kubadilisha gia, basi. Na msijaze rafu kwa macho: ya nyuma ina kikomo chake cha uzito, na nguruwe dume wa Texas anaweza kukipita. Huyo avutwe kwa slei, ubao wa kuburuta mzigo. Matairi makubwa ya matope, inchi 28 au 30 kwenye mashine iliyotoka kiwandani na 25, si zawadi. Ndiyo yanayokata meno ya difu na kuvunja shafti, na ya kijani ilikuwa nayo.

Karatasi ndiyo niliyotaka kuiweka mbele kuliko zote, hasira imenipeleka kwingine. Hati aliyotoa ilikuwa imesainiwa nyuma na mtu mwingine kabisa, sehemu ya mnunuzi imeachwa wazi. "Ya shemeji yangu, yuko safarini." Jina la muuzaji halimo popote. Hivyo ndivyo anavyofanya kila mashine, anapitisha hati bila kuiandikisha kwake, ili siku ya shida sheria imkute shemeji na yeye asionekane. Texas hairuhusu mchezo huo. Dawa yake ni kwenda naye ofisi ya kodi ya kaunti, mjaze fomu 130-U, ya kuhamisha umiliki, pamoja dirishani, hela itoke hapo. Akisema hana nafasi ya kwenda, mashine si yake. Na hakubali hundi ya benki, anataka taslimu au Zelle tu, ile huduma ya kutumiana hela kwa simu, kwa sababu Zelle ikishakwenda hairudi.

Mtu huyu afungwe. Arudishe hela ya kila mtu, liuzwe hata trela lake kama haitoshi. Anajua mashine hizi watu wanakwenda nazo mbali na lami, mahali simu haishiki, na anajua difu imekufa, anasimama pale na kitambaa chake anafuta tangi. Usiku, korongo limejaa, mtu yuko peke yake: angekuwa amemuua. Wanaomtetea kwamba "biashara ni biashara" waache kuniandikia.

Waliokwisha kununua kwake: msiitengeneze kabla hamjapiga picha. Pigeni ya oili, ya mstari wa tope, ya hati mbele na nyuma, ya tangazo na ujumbe wote mlioandikiana naye. Mwambieni fundi aandike alichokuta kwa karatasi yenye tarehe. Justice Court, mahakama ya madai madogo, inapokea madai mpaka dola 20,000 na unaweza kusimama mwenyewe bila wakili, na malalamiko yapelekwe pia kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo, kitengo cha walaji. Malalamiko ya mtu mmoja ni rahisi kupuuzwa, ya watu wengi kwa jina moja hayapuuziki.

Tangazo jipya limeshatoka. Safari hii ni nyekundu, cc 570, zege lile lile, geti lile lile, "mmiliki mmoja". Atakayeliona alipige picha ya skrini pamoja na tarehe kabla halijafutwa, na aipeleke kwa sherifu, asimwandikie muuzaji.