Baiskeli ya mama wa Kijapani: miezi 14 kati ya Mabibo na Kariakoo

Nianze na bei, maana ndiyo naulizwa kila ninaposimama kwenye mataa. Shilingi 180,000. Muuzaji alianzia 260,000, nikaondoka, akaniita, nikaondoka tena. Mara ya pili nilikuwa nimeshafika kwa muuza mihogo ndipo akapiga kelele, "Haya dada, lete hiyo hela, unaniumiza tu." Ilikuwa Buguruni, kwenye banda ambako baiskeli za mtumba zinashushwa zimeng'ang'aniana, pedali ya hii ndani ya spoku za ile, kama kaa kwenye tenga.

Ni ile aina ambayo Wajapani wenyewe wanaiita mamachari, baiskeli ya kina mama wa kwenda sokoni. Bomba la katikati limeinama, unapanda na gauni lako bila kurusha mguu. Mbele kikapu cha waya, nyuma keria, cheni imefunikwa na bati, madigadi marefu, kufuli la duara kwenye gurudumu la nyuma, na stendi ya miguu miwili inayoishika wima hata ukiwa umeipakia. Giya tatu. Jina la kampuni limeandikwa kwa herufi za kwao, kwa hiyo wanaotaka kujua ni ya kampuni gani wakamuulize Mjapani.

Mimi ni fundi cherehani. Nakaa Mabibo, Dar es Salaam, mashine yangu iko Kariakoo, ghorofa ya pili, jengo halina lifti. Ni kama kilomita saba. Kwa daladala asubuhi hizo kilomita saba zilikuwa zinanila saa moja, siku nyingine saa moja na nusu, nimesimama kwa mguu mmoja na kwapa la mtu usoni. Kwa baiskeli ni dakika 35, nikichelewa sana 45. Nauli yangu ilikuwa 600 kwenda na 600 kurudi, siku 26 kwa mwezi. Piga mwenyewe: 31,200. Nimeshatumia 96,500 kwa matengenezo tangu niinunue, naandika kila kitu kwenye daftari la vipimo vya wateja, ukurasa wa nyuma. Hela ya baiskeli na ya fundi ilirudi yote kwenye mwezi wa kumi tangu niinunue, na hapo nimetoa siku za mvua kubwa ambazo napanda daladala kama wengine.

Nimezaliwa Tanga, Ngamiani, na kwetu mwanamke kupita na baiskeli amevaa baibui hakuna anayegeuza shingo. Bibi yangu alikwenda nayo msibani, sokoni, hospitali. Dar nimekuta mwanamke juu ya baiskeli ni sinema. Konda anatoa nusu ya mwili mlangoni kunishangilia, watoto wa shule wananihesabia pedali, na shangazi mmoja pale Magomeni alinisimamisha akaniuliza kwa huruma kabisa kama mume wangu anajua. Miezi miwili ya kwanza nilikuwa najibu. Sasa napiga kengele tu.

Kengele yenyewe haifai kitu. Inalia "tring" ya adabu, ya mtaa ambao watu wanasikilizana. Kilichonisaidia ni kasoro: breki ya nyuma. Baiskeli hizi nyingi nyuma zina breki ya mkanda unaobana ngoma, na mkanda ukizeeka unalia kama mbuzi aliyekiona kisu. Nilipoinunua niliona aibu. Nilimwambia fundi auondoe huo mlio, akatia msasa, ukatulia wiki mbili, ukarudi. Siku hizi ndiyo honi yangu. Nikikaribia kundi la watu lililoziba njia nabana kidogo tu, wote wanaruka pembeni. Ila mjue kwamba hiyo breki ikilowa mvua inashika kwa kuchelewa, tegemea ya mbele zaidi na anza kubana mapema.

Njia yangu ni hii. Natoka saa kumi na mbili na nusu, kabla jua halijapata nguvu, napita Mahakama ya Ndizi. Kama hujawahi kufika, hiyo ni soko la ndizi, na saa hizo malori yanashusha mikungu, maguta yanapakia, na lami imejaa majani ya migomba na utomvu. Hapo nashuka, nasukuma. Nilianguka mara moja, kiwiko kikachunika, na mama mmoja muuza ndizi akaniokota huku akinigombeza kama mwanawe. Toka siku ile nashuka.

Natokea Urafiki, naingia Barabara ya Morogoro. Ilipojengwa upya kwa ajili ya mabasi ya mwendokasi, ambayo yalianza kubeba watu Mei 2016, nasi wa baiskeli tulikumbukwa, tukatengewa njia pembeni. Jiji likapata hadi tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, ya mwaka 2018. Tuzo siikatai. Waliokuja kukagua tu natamani kujua walipita Manzese saa ngapi. Kwenye njia hiyo ya baiskeli nimekuta meza ya chipsi, kochi linauzwa, gari limeegeshwa dereva amelala, mchanga wa mtu anayejenga, na viatu vya mitumba vimepangwa kwa saizi. Mwaka 2021 machinga walipoondolewa kando ya barabara palipumua kwa muda. Siwalaumu sana, nami natafuta riziki mjini humu humu. Wanaoniudhi ni bodaboda wanaokuja upande usio wao, kasi, na wakikukuta wanakupigia honi wewe. Japani wanapita kushoto kama sisi. Baiskeli yangu imezoea kushoto tangu kwao, bodaboda wa Manzese bado.

Hapa ndipo baiskeli hii inapostahili sifa. Ni nzito, karibu kilo 20, na ukikaa unakaa wima kama uko kwenye kiti cha sebuleni. Vijana wenye zile za kuinama wananipita wakinicheka. Lakini ukikaa wima unaona juu ya magari madogo, unaona mlango wa bajaji ukianza kufunguka, unaona konda ameshagonga bati kwa hiyo daladala inataka kuchomoka. Kasi sina, macho ninayo. Katika miezi 14 nimegongwa mara moja, na kioo cha pembeni cha bajaji, begani, polepole.

Jangwani ni mteremko mzuri ukienda mjini na adhabu ukirudi. Giya ya kwanza inanipandisha hadi Magomeni bila kushuka, hata nikiwa na jora la kitambaa kwenye keria, na kwa hilo peke yake ningeongeza hela. Mto Msimbazi ukifurika, hakuna baiskeli wala basi, barabara inafungwa, tunatazamana. Maji yakipungua linabaki tope jekundu, laini kama uji, na madigadi yale marefu ndiyo yanayokufikisha kazini na mgongo safi.

Pale Fire, kwenye kituo cha zimamoto, nakata kulia kwenda Kariakoo, na kukata kulia maana yake ni kuvuka njia za magari na za mwendokasi zilizo katikati. Sijifanyi shujaa. Nashuka, nasogea kwenye pundamilia, navuka na waenda kwa miguu, napanda tena upande wa pili. Dakika tatu. Kuna jamaa wanapita katikati ya magari huku wamenyoosha mkono kama trafiki. Mungu awalinde.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo muuzaji hatakwambia: tairi. Baiskeli hii inatumia 26 kwa 1 3/8. Baiskeli za Phoenix za mtaani ni 28 kwa 1 1/2, na zile za milimani, za vijana, ni 26 lakini zimeandikwa kwa nukta, 1.95 au 2.1. Tairi langu la nyuma lilipokwisha nilikwenda dukani, kijana akanipa la 26 kwa 1.95. Nikamwambia namba hazifanani. Akanijibu, "Sista, ishirini na sita ni ishirini na sita." Nikampelekea fundi wangu. Tulivuta lile tairi kwa bisibisi mbili na goti la mtoto wake, jasho linatutoka, halikupanda, kwa sababu rimu ya Kijapani ni kubwa kuliko ile ya milimani ingawa zote zinaitwa 26. Kijana alikataa kurudisha hela, tukaachana kwa kubadilisha na tyubu mbili na pampu. Tairi sahihi nikalipata siku ya tatu, la mtumba, 15,000, kwa watu wale wale wa Buguruni wanaofungua kontena. Nilinunua mawili, moja liko uvunguni. Habari njema ni kwamba valvu ni ile ile ya Phoenix, kwa hiyo pampu yoyote ya kijiweni inakubali.

Jambo la pili ni fundi. Wangu ni mzee wa makamo ya baba yangu, ana kijiwe chini ya mwarobaini, karai la maji ya kutafutia pancha, basi. Nilipomfikishia mara ya kwanza nilimpa shikamoo, akaitikia huku anaizunguka baiskeli kama mtu aliyeletewa ng'ombe wa mgeni.

"Marahaba binti. Hii ina mambo mengi."

"Mengi kivipi mzee?"

"Phoenix ina mambo machache."

Pancha anaziba vizuri kuliko mtu yeyote niliyemwona, na spoku anazinyoosha kwa kusikiliza tu. Lakini giya hizi zimefichwa ndani ya habu, kile kitovu cha gurudumu la nyuma, huzioni, na kwake kitu kisichoonekana ni cha kufunguliwa. Mwezi wa tano tangu niinunue, giya ya pili ikaanza kuruka, napiga pedali inazunguka hewani. Mzee akashika spana, anataka kuipasua habu. Nikamwomba asubiri. Kwenye cherehani, mashine ikiruka mishono hufungui tumbo lake, unaangalia uzi kwanza. Nikafuata waya kutoka usukani hadi nyuma, nikakuta pembeni ya ekseli kuna kidirisha kidogo chenye mistari ya njano. Ukiweka giya ya pili, ule mstari wa ndani unatakiwa ukae sawa na alama. Wangu ulikuwa umehama kwa upana wa sindano. Nikazungusha kile kinati cha waya mpaka ukakaa. Kuruka kukaisha siku ile ile. Hakuna gololi iliyodondoka, hakuna hela iliyotoka. Mzee alitazama, akasema "hm", akaendelea na Phoenix ya mtu.

Mengine kwa haraka. Taa ya mbele inaendeshwa na dainamo inayojisugua kwenye tairi: pedali inakuwa nzito, na ukisimama kwenye foleni taa inazimika. Nimefunga tochi. Kikapu cha mbele ni kizuri kwa nyanya lakini ni duka la wazi kwa vibaka. Mkoba wangu naufunga kwa mpira wa tyubu ya zamani, mizunguko mitatu. Kufuli la duara linamzuia mwizi kuendesha, halimzuii kubeba, kwa hiyo nina cheni ya pikipiki na kufuli la mlango. Kazini mlinzi alitaka 500 kwa siku niiweke chini ya ngazi. Nilimshonea mtoto wake sare ya shule, tukamalizana. Dera msivae, mpaka mlikunje na kulifunga. Langu liliingia kwenye ngoma ya breki pale Magomeni Mapipa na nilibaki nimesimama katikati ya watu kama mbuzi aliyefungwa, mpaka dada mmoja akaomba mkasi saluni. Jasho: beba blauzi ya pili, ukifika nawa, subiri dakika kumi kabla hujabadili.

Ukienda kununua, usitazame rangi. Inua gurudumu la nyuma, zungusha, pitisha giya zote tatu, sikiliza. Soma namba ya tairi ubavuni na uliza palepale kama wanalo lingine. Tikisa usukani. Kutu ya kwenye kikapu haina neno, ya kwenye rimu ikatae.

Juzi nilimwachia mzee anibadilishie mkanda wa breki, sasa umechoka hata kulia. Nikaenda dukani kununua chumvi, narudi naambiwa ametoka nayo, "anaijaribu." Nimekaa kwenye benchi lake karibu nusu saa. Akatokea kutoka upande wa Mahakama ya Ndizi, amekaa wima, shati limejaa upepo, kikapu kimejaa ndizi mbivu. Akaiegesha kwa stendi ya miguu miwili, taratibu, akaitazama inavyosimama.

"Breki iko sawa," akasema. "Ila hii ni baiskeli ya kina mama."

Ndizi hakunigawia hata moja.