Kijitabu cha Jean Price-Mars, steshenari ya Ng'ong'ona: karatasi safi, uchapaji kagua mwenyewe

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wanaijua steshenari hii kwa kujalidi ripoti. Kazi tunayoipima hapa ni kijitabu cha A5, kurasa 16, kuhusu Jean Price-Mars wa Haiti: daktari, seneta, waziri wa mambo ya nje, kisha kiongozi wa Chuo Kikuu cha Haiti.

Kwenye karatasi wako vizuri sana. Ndani gramu 80, jalada gramu 160, pini mbili juu ya mkunjo, ukingo unakatwa baada ya kupiga pini. Jalada wanalipiga alama ya mkunjo kwanza. Bila hivyo tona (wino wa unga wa printa) hubanduka na kuacha mstari mweupe mgongoni. Kurasa 16 ni karatasi 4 tu za A4, kwa hiyo lipia nyuso 8. Waambie printa igeuze upande mfupi, la sivyo maandishi ya nyuma yanatoka miguu juu.

Udhaifu uko kwa mchapaji. Ana fomu moja ya wasifu kwa kila mtu: elimu juu, kazi chini. Kwa Price-Mars fomu hiyo inapotosha. Alizaliwa 1876, akasomea udaktari Paris, ufadhili ukakatika, akamalizia Haiti mwaka 1923. Katikati hapo alikwisha kuwa mbunge na mwanadiplomasia. Shahada ikikaa juu, msomaji ataamini mtu aliacha wodi akakimbilia siasa, wakati siasa ndiyo iliyotangulia shahada. Dai mpangilio wa miaka.

Cheo chake cha rekta nacho kilitoka "Mkuu wa Chuo". Kwetu Tanzania huyo ni wa heshima, anatunuku shahada siku ya mahafali. Rekta wa mfumo wa Kifaransa anaendesha chuo, basi andika "Makamu Mkuu wa Chuo" au uache "rekta".

Usipeleke faili la Word kwenye flashi. Kompyuta yao haina fonti zako, mistari inasogea, ukurasa wa 17 unazaliwa na mpangilio wote wa kijitabu unavurugika, maana kurasa lazima zigawanyike kwa 4. Hata "è" ya Grande-Rivière-du-Nord, alikozaliwa, iligeuka kiboksi. Peleka PDF yenye fonti ndani.

Usumbufu huu una maana. Mwaka 1928, Haiti ikiwa bado imekaliwa na majeshi ya Marekani, mtu huyu aliwaambia wasomi wenzake kwamba ngano na imani za wakulima, zenye mizizi Afrika, ndizo urithi wa taifa. Mwaka 1956 aliongoza mkutano wa waandishi na wasanii weusi Paris. Anastahili tarehe sahihi hata kwenye karatasi nne.

Omba nakala moja ya majaribio, ikunje, isome yote ukiwa umesimama palepale kaunta, ndipo uruhusu zilizobaki.