M.A.C.H. 3 kwenye MAME: uzoefu wangu baada ya miezi minne

Ami yangu alikuwa baharia. Mwaka 1984 meli yao ilifunga Houston, na jioni aliposhuka kunyoosha miguu aliingia ukumbi wa michezo ya sarafu, akakuta mashine iliyommalizia posho yote ya siku ile. Tangu nina akili namsikia akiisimulia barazani kwetu Kibokoni, Mombasa. "Ilikuwa filamu, mwanangu. Milima ya kweli, madaraja ya kweli, na rubani ni wewe." Sisi watoto tulijua anatia chumvi, maana michezo ya enzi hizo tuliyoiona ilikuwa vijidoti vinavyokimbizana kwenye kioo cheusi.

Hakuwa anatia chumvi. Mashine ile ni M.A.C.H. 3, iliyotolewa mwaka 1983 na Mylstar, kampuni iliyokuwa ikiitwa Gottlieb, hao hao wa Q*bert. Ndani ya kabati lake hamna kompyuta peke yake. Mna na deki ya Pioneer, PR-8210, inayozungusha diski ya leza yenye upana wa sentimita 30. Upande mmoja wa diski aina hiyo hubeba picha 54,000, yaani dakika 30 za filamu. Filamu ilipigwa angani hasa, na kompyuta huchora juu yake risasi, makombora na alama za shabaha. Ukichagua ndege ya kivita unapita chini kwa chini mabondeni. Ukichagua ya mabomu unaitazama ardhi kutoka juu.

Nimeiendesha kwenye MAME, programu inayoigiza mashine za michezo za zamani ndani ya kompyuta, kwa miezi minne sasa, kwenye laptopu ya mtumba, na nataka kueleza kwa nini naipa nne kwa tano, na kwa nini hiyo moja niliyopunguza haihusu mchezo wenyewe.

Jambo lililonikaa kichwani tangu siku ya kwanza ni hili: mashine inajuaje kwamba nimelipiga daraja? Daraja liko kwenye filamu. Kompyuta ya 1983 haina macho ya kuitazama filamu ikatambua hili daraja na huu mlima. Jibu limefichwa kwenye sauti. Diski ina mikondo miwili ya sauti, na mmoja kati yake hauna muziki wala mlio wa injini. Una data. Filamu inavyokwenda, ule mkondo unaiambia kompyuta shabaha iko wapi kwenye picha inayopita sasa. Niliutenga nikausikiliza kwa vipokea sauti usiku mmoja: mkwaruzo mkavu usiokatika, kama mvua ya mchanga juu ya bati. Nilikaa nikausikiliza muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Mchezo mzima umo humo.

Ndiyo maana nawasihi wanaojishughulisha na vitu hivi: mtu akikuletea video ya M.A.C.H. 3 iliyobanwa vizuri, yenye rangi za kupendeza, amekuletea filamu ya ndege. Mkondo ule ukitupwa kwa kuwa "unapiga kelele", au ukibanwa kama tunavyobana nyimbo za simu, daraja linabaki daraja tu, risasi zinapita.

MAME wamelielewa hili. Programu hii ilianza mwaka 1997, ni ya bure, na msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Faili la diski wanalotumia, aina ya CHD, hubana picha na sauti bila kupoteza chochote, na data husomwa kutoka kwenye sauti ile ile, kama ilivyosomwa ukumbini. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba hawakuigiza ubao wa mchezo pekee. Deki ya Pioneer nayo imeigizwa, hadi programu iliyokuwa ndani ya chipu yake ndogo ya udhibiti. Mchezo unadhani unaongea na deki halisi.

Sasa taabu zangu. MAME huja tupu, bila mchezo wowote, na haki za michezo hii bado zina wenyewe. Kila mtu apime hilo kabla hajaanza. Yangu nilisaidiwa na mkusanyaji wa ng'ambo mwenye mashine yenyewe. Faili la diski ni zito, gigabaiti kwa gigabaiti, na bando za intaneti zilikwenda. Nikalihamishia kwenye flashi niliyouziwa kwa jina la gigabaiti 128. Mchezo ukawaka, ndege ikaruka, halafu katikati ya bonde picha ikavurugika na programu ikafa. Siku tatu nilikuwa nalaumu laptopu. Kumbe flashi ilikuwa feki, haina hata robo ya nafasi iliyoandikwa juu yake, na kila kilichozidi kimeandikwa hewani. Kilichoniokoa ni chdman, chombo kidogo kinachokuja pamoja na MAME. Unakiamuru kihakiki faili (chdman verify), kinalisoma lote na kulinganisha alama yake na ile iliyohifadhiwa ndani. Langu halikulingana. Fanyeni hivyo kabla ya jambo lingine lolote, msipoteze siku tatu kama mimi.

Baada ya hapo kazi ilikuwa nyepesi. Folda ya mchezo iitwe mach3, iwekwe ndani ya folda ya MAME iitwayo roms. Tarakimu 5 ndiyo sarafu, 1 ndiyo kuanza, Tab inafungua menyu ya kupanga jostiki. Ile alama niliyopunguza ni ya uzito: laptopu yangu ikitumia betri picha inakwama na sauti inakatika, kwa hivyo lazima iwe kwenye stima na kila programu nyingine iwe imefungwa. Kwa mwenye kompyuta dhaifu kuna Hypseus Singe, programu nyingine ya kuigiza michezo ya diski za leza, iliyotokana na ile ya awali, Daphne ya Matt Ownby. Hiyo hutumia video iliyobanwa na inakwenda hata kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Ndiyo niliyowawekea wapwa zangu. Kwa kucheza inatosha kabisa, ila kwa kuhifadhi nasimama na MAME.

Maana muda haupo. Leza ya PR-8210 ni bomba la kioo lenye gesi, na mabomba hayo yanakufa kwa uzee. Diski nazo huoza: gundi inayoshikanisha nusu zake mbili ikiachia hewa kupita, alumini ya ndani inaanza kuliwa, na picha inajaa vitone kama punje za mchele. Kwa hewa yetu ya Mombasa, yenye chumvi inayokula mpaka bawaba za milango, sidhani diski kama ile ingevumilia. Wako wanaotumia Domesday Duplicator, kifaa kinachonasa mawimbi yenyewe yanayotoka kwenye jicho la leza, sampuli milioni 40 kwa sekunde, kabla deki haijayageuza kuwa picha. Upande mmoja wa diski unakula kama gigabaiti 90. Ukiwa na nakala kadhaa za diski ile ile, programu yao ya ld-decode hukuwezesha kuzirundika, kovu la moja likazibwa na uzima wa nyingine. Laiti diski zote za michezo zingepitishwa hapo.

Ijumaa moja baada ya swala nilimwita ami. Nikamvuta kiti karibu na meza, nikampa jostiki, nikanyamaza. Alikaa na kikoi chake, mgongo wima, kidole kwenye kifyatulio. Alipita bonde la kwanza, akalikosa tangi, akajigonga mlimani. Kioo kikawa cheusi kidogo, deki ya kuigiza ikitafuta sehemu nyingine ya diski.

Nilitaka kumwambia asubiri, kwamba haijaharibika. Hakuhitaji. Akainua mkono bila kunitazama.

"Hapo ndipo ilipokuwa ikizima," akasema. "Inarudi sasa hivi."

Ikarudi. Alicheza mpaka adhana ya alasiri. Nakala ya pili ya faili, iliyohakikiwa, nimeipeleka kwa binamu yangu Likoni, kwenye diski kuu ya nje iliyofungwa ndani ya mkebe pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu.