Paa za nyumba za halmashauri: kiraka au kuezeka upya?

Huku Dodoma mvua ni Desemba mpaka Aprili, miezi mingine jua na upepo tu, kwa hiyo wengi wanasema ziba tundu na lami maisha yaendelee. Kweli kiraka ni hela ndogo, kwenye mapato ya ndani ya halmashauri haisumbui, ila bati likishaliwa na kutu fundi akipanda kuziba tundu moja anafungua mengine, maji yanashuka kwenye kenchi (zile mbao zinazobeba paa), mbao inaoza na mchwa wa huku mnawajua.

Kuezeka upya gharama inauma, sikatai, lakini hela ya umma mimi ningeipeleka huko, tena bati geji 28 sio 30 maana 28 ndo nene. Na paa likiwa la asbesto (yale mashiti ya zamani ya saruji na nyuzi) msilitoboe wala kulikata jamani, vumbi lake linaleta kansa.