Gitaa: kapo au tyuningi (mpangilio wa noti za nyuzi) ya DADGAD?

Kapo, kibano cha kubana nyuzi zote, kwenye freti ya 3 (freti ni vyuma vilivyopita kwenye shingo ya gitaa) hufupisha nyuzi: sauti inang'aa, besi inapungua. Unaifunga kwa sekunde chache na kodi (noti zinazopigwa pamoja) unazozijua hazibadiliki umbo. Ila ukiibana mno, noti zinapanda. Iweke nyuma tu ya chuma cha freti, kisha kagua tyuningi.

DADGAD, yaani noti za nyuzi kuanzia uzi wa 6, ulio mnene, hadi wa 1, haina kifaa cha kununua. Kutoka tyuningi ya kawaida, shusha uzi wa 6, wa 2 na wa 1 kwa toni nzima (freti mbili). Nyuzi zilizoachwa wazi zinavuma pamoja na besi inanona, utamu ambao kapo haitoi. Kasoro: vidole vinajifunza mikao mipya, na uzi wa 6 uliolegea hugonga freti. Seti ya nyuzi nene, uzi wa 1 ukiwa inchi 0.013, husaidia.

Unamsindikiza mwimbaji anayebadilisha ki (noti kuu ya wimbo) kila wimbo? Kapo. Unapiga peke yako, polepole? DADGAD, na kapo juu yake si dhambi.